Supu Ndani ya Jiko la Mama Kanchan

Mmenitukana vya kutosha. Mhariri amenikabidhi bahasha nzima ya barua zenu, na msomaji mmoja wa Kiambu ameniita fisi aliyevaa gauni la nesi. Sawa, nimemeza. Lakini wiki zote hizi nimekuwa nikiwasimulia ubaya wa watu wengine, mkanihurumia nusu na kunilaani nusu. Leo nasimulia ubaya wangu.

Kwa aliyechelewa: naitwa Waceke, na kazi yangu ni unesi. Mwaka 2001 niliacha hospitali, nikaanza kampuni ya kutunza wazee katika flati ya vyumba viwili Kileleshwa, Nairobi. Nilikuwa nikituma wauguzi majumbani mwa watu. Mume wangu alipofariki, mdogo wake Dan Njuguna aliingia kama mshirika, akatufungulia ofisi Westlands yenye zulia na maua ya plastiki.

Mwaka 2004 tukapata nyumba Spring Valley, tukaanza kuwalaza wazee humo humo. Gari letu halikuandikwa kitu ubavuni, maana kumpeleka mzazi akatunzwe na watu baki kulikuwa aibu. Wakikuyu wenzangu waliotuletea mama zao walikuwa wakiwaambia watu wa kanisa kwamba mama ameenda kukaa kwa dada yake Nakuru.

Nyumba ilikuwa ya Mama Kanchan, mjane wa Kihindi. Alitukodishia kwa masharti mawili. La kwanza, yeye abaki katika chumba chake mpaka kufa. La pili, nyama, samaki wala yai visivuke mlango wa jiko lake. Mwanawe Viraj, aliyekuwa Uingereza, mjini Leicester, akamwambia wakili ayaandike: siku mkurugenzi wa kampuni atakapovunja sharti, mkataba umekufa.

Dan alicheka akitia sahihi. "Nyama tu? Si tutajenga jiko lingine huko nje?"

Tukajenga la mabati kando ya ua. Nyama ikapikwa huko kwa wenye kula nyama, na jiko la ndani likabaki la Kaloki.

Kaloki alikuja na nyumba. Mkamba wa Machakos, alikuwa amempikia Mama Kanchan miaka kumi na tisa, chapati nyembamba na dengu na mchicha. Tangu afiwe na mumewe, mama yule hakula chakula cha mkono mwingine.

Haya. Sasa nisikilizeni.

Ilikuwa Jumapili ya Julai 2007, baridi na manyunyu kutwa. Mzee Muchiri wa Limuru, mwenye mashamba ya majani chai, alikuwa amekataa chakula siku ya nne. Kifua kilikuwa kimemlaza, na mimi nimeona wengi wakienda hivyo, nawajua kwa kuangalia pua tu.

"Sista," akaniambia, "hizi uji zenu ni za watoto. Nipe supu ya mifupa, nife kama mwanaume."

Mtungi wa gesi wa jiko la nje ulikuwa umeisha tangu Jumamosi. Kuleta mwingine ilikuwa kazi ya Dan, na simu ya Dan ilikuwa imezimwa. Makaa yalikuwa yamelowa. Mama Kanchan alikuwa ameenda hekaluni, Kaloki alikuwa kanisani na usiku angelala kwake Kangemi.

Nikafunga mlango wa jiko la ndani. Nikafungua dirisha. Nikachukua chombo kilichokuwa karibu na sinki, nikachemsha mifupa.

Mzee Muchiri alikunywa vikombe viwili. Jioni aliitisha gazeti na kuanza kuitukana serikali, ndipo nikajua atapona. Mimi nilikuwa jikoni nasugua, nafuta, nachoma ubani wa Mama Kanchan vijiti sita kwa mpigo. Waliosema la kuvunda halina ubani hawakukosea.

Jumatatu saa moja asubuhi nilisikia kelele.

"Kaloki! Nini hii? Nini hii kwa sinki yangu?"

Nikakimbia. Mama Kanchan alikuwa ameshika kipande cha mfupa, kidogo kama ukucha. Kaloki alikuwa mbele yake na ile sufuria kubwa ya chuma, majivu mpaka viwikoni, anaisugua.

Akanitazama. Mara moja tu, kisha akainamisha macho.

Nami nikanyamaza.

Dan alifika saa tatu akanivuta mpaka penye kamba za nguo. "Shemeji, ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe ni director. Ukisema ni wewe, mkataba umekufa leo leo. Ni Kaloki."

"Kaloki hakuwepo, Dan."

"Sijakuuliza alikuwa wapi. Andika."

Nikaandika. Barua ya kukiri, kwa jina la Kaloki, kwa mwandiko wangu mzuri niliofundishwa na masista wa misheni. Dan akampelekea, akamwambia achague kati ya kalamu na polisi. Kaloki akatia sahihi bila kuisoma, akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza.

Mama Kanchan alilia kwa sauti. Akaamuru kila chombo cha jikoni kitolewe, masufuria, vijiko, mpaka kifaa cha kusukumia chapati. Nilivibeba mwenyewe hadi langoni. Kilibaki kimoja tu, kisufuria chake kidogo cha shaba, kile alichokuja nacho kutoka India akiwa bibi harusi. Hicho kilikaa chumbani mwake mbele ya picha za miungu yake, na kila alfajiri aliwawekea maziwa humo.

Kisha akaacha kula.

Tulimletea mpishi. Akamrudisha. Tukaleta wa pili, na wa tatu ambaye alitoka hoteli kubwa na kofia yake. Akawarudisha wote. Alikula ndizi na kunywa maziwa, ambayo aliyachemsha mwenyewe katika kile kisufuria cha shaba, asubuhi na jioni. Kila akipita mbele yangu nacho, mimi nilijifanya natafuta kitu mfukoni.

Septemba alikuwa na kilo thelathini na nane. Nilimpima mwenyewe.

Viraj akapanda ndege akaja.

Alitukuta ofisini Westlands, ghorofa ya nne. Hakukaa. Alikuwa mtoto wa Nairobi huyu, Leicester haikumtoa Kiswahili chetu.

"Mom hataki kula. Hataki kwenda na mimi. Sasa hivi ndivyo itakuwa. Ijumaa nampeleka Leicester, hata kama ni kwa stretcher, na nyumba naifunga."

"Boss," Dan akaanza, "hebu tuongee kama watu wazima."

"Usiniite boss. Mama yangu anakufa njaa kwa nyumba yenye manesi saba."

"Tutatafuta mpishi mwingine."

"Mmetafuta watatu! Anasema hajui mikono yao."

Nikasema, "Na Kaloki je?"

Dan akanipiga teke chini ya meza. Lakini Viraj alikuwa ameshaketi, ghafla.

"Anamwita usingizini," akasema. "Hamwiti marehemu baba. Anamwita Kaloki." Akapangusa uso. "Mimi huyo mtu nikimwona nitampiga. Lakini kama Mom mwenyewe atamsamehe, mimi ni nani?"

Kwenye korido Dan alikuwa na furaha. "Umecheza poa, shemeji. Mlete, apige magoti, aombe msamaha, mama akule. Imeisha."

"Aombe msamaha wa nini?"

"Wa supu."

"Dan, unajua supu ni ya nani."

Akanisogelea mpaka nikanusa sigara yake. "Skiza. Wazee kumi na saba wako kwa hiyo nyumba. Ukifungua mdomo, watalala wapi? Kwako? Na ile barua ya kukiri iko kwa droo yangu. Handwriting ni yako, si yangu. Nitaiweka mbele ya Viraj na niseme uliniongopea mimi pia."

Nilimchukia siku hiyo. Nilimchukia zaidi kwa sababu hesabu yake ya wazee ilikuwa sahihi, na ndiyo hesabu niliyokuwa nikijipigia kila usiku ili nipate usingizi.

Nikaenda Kangemi.

Nilimkuta Kaloki kando ya barabara, amewasha jiko la makaa, anachoma chapati za kuuzia mafundi. Mikono ile ile. Hakusimama.

"Sista. Kaa hapo kwa kreti."

Nikakaa. Nikamwambia habari za Mama Kanchan, kilo zake, ndizi zake, jina analoita usingizini. Akageuza chapati. Akageuza nyingine.

"Umemaliza?"

"Nimekuja nikuombe urudi."

"Nirudi kama nani? Kama yule alipika mifupa?"

"Kaloki..."

"Wacha nikuulize. Unajua kwa nini alinipata na ile sufuria?"

Sikujua. Miezi miwili, na hata sikuwahi kujiuliza.

"Niliingia saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Harufu ya mifupa naijua, hata ukichoma ubani wa duka mzima. Nikaona ile kubwa ya chuma iko nje ya kabati, bado ina maji. Nikaenda wodi, nikapata Mzee Muchiri ameketi anataka chai. Nikajua ni wewe. Nikasema, wacha nioshe haraka kabla Mama hajaamka, sista asije akaharibikiwa. Nilikuwa naosha kosa yako."

Nilitaka ardhi inimeze. Ardhi ya Kangemi haimezi mtu, mnajua, imejaa mawe.

"Nisamehe."

"Hapana. Bado." Akachukua unga, akaanza kukanda. "Nitakuja. Lakini sipigi magoti. Wewe ndiye utasema. Ndani ya jiko, mbele ya Mama, mbele ya Viraj, mbele ya huyo shemeji yako. Usiposema, nageuka narudi kwa chapati zangu."

"Nikisema tunafukuzwa wote. Wazee kumi na saba, Kaloki!"

Akaninyooshea mkono uliojaa unga. "Na mimi? Mimi nilikuwa ngapi?"

Nikamlipia mteja mmoja chapati bila sababu yoyote, nikaondoka.

Alhamisi saa nne asubuhi tuliingia Spring Valley pamoja. Dan alikuwa akingoja langoni, mkono mfukoni.

"Barua ninayo hapa," akanong'ona. "Usijaribu."

"Toka mbele yangu."

"Waceke, usijaribu!"

Jikoni, Mama Kanchan alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi karibu na jiko, sari ikimwelea mwilini. Maziwa yake yalikuwa motoni. Viraj alisimama nyuma yake. Kaloki alipoingia, mama yule aliinua mkono nusu, kisha akaurudisha pajani.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikasema.

"Mama, si Kaloki. Ni mimi. Nilichemsha mifupa hapa, Jumapili ile ulipokuwa hekaluni. Barua ya kukiri niliiandika mimi. Kaloki hakufanya lolote."

"Shemeji amechoka," Dan akadakia, "hajalala wiki nzima, hajui anachosema..."

"Nyamaza!" Viraj akafoka. Akanigeukia na uso mwekundu. "Wewe? Wewe ulimwangalia Mom akikauka hivi, miezi miwili, na ulijua?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unampima!"

"Ndiyo."

"Na huyu Dan alijua?"

"Tangu siku hiyo hiyo, kabla ya saa nne."

Dan akatoa ile barua mfukoni, akaitazama, akaona haimsaidii tena. Ilikuwa kwa mwandiko wangu, lakini bahasha aliyoitia ilikuwa imeandikwa na yeye, asingeweza kusema hakuijua. Akairudisha. Nawaambieni ukweli, katika taabu yangu yote nilifurahi kuona hivyo.

"Pakieni," Viraj akasema. "Mkataba umekufa. Wazee wenu mtafute pa kuwapeleka."

"Viraj." Sauti ya Mama Kanchan ilikuwa ndogo. "Ngoja."

Akamgeukia Kaloki. "Wewe ulijua ni sista?"

"Nilijua, Mama."

"Kwa nini hapana sema?"

"Hukuniuliza, Mama. Ulinifukuza."

Mama yule akafunika uso kwa ncha ya sari. Alilia kimya kimya, mabega tu yakipanda na kushuka, na Kaloki, aliyekuwa na kila sababu ya kumwacha alie, alivuka jiko akasimama karibu naye. Hakumgusa. Alisimama tu pale alipokuwa akisimama miaka yote ile.

"Mzee gani alikunywa?" Mama Kanchan akaniuliza mwishowe.

"Mzee Muchiri, Mama. Yule wa chumba cha pembeni."

"Yule natukana serikali?"

"Yule yule."

"Alikuwa nakufa?"

"Alikuwa anakufa."

Akatikisa kichwa taratibu. Akamwambia mwanawe kitu kwa Kigujarati, kirefu. Viraj akabisha. Mama akarudia, kwa ukali, na sauti ile ndogo ikawa ya mwenye nyumba.

Viraj akashusha pumzi. "Anasema umekosa, lakini umesema mwenyewe. Anasema Kaloki amerudi, na leo atakula. Anasema hawezi kufukuza wazee wenzake." Alinitazama kama mtu anayetazama mende. "Mimi ningekufukuza."

Nilishika ukingo wa sinki, lile lile. Kaloki alikuwa tayari anafungua kabati kutafuta unga, na Dan, mshenzi yule, alikuwa anatabasamu kana kwamba ni yeye aliyesema ukweli.

"Lakini sista," akasema Mama Kanchan, "sufuria gani?"

Sikuelewa. Au nilielewa upesi mno.

"Sufuria gani lipika mifupa?"

"Ile kubwa ya chuma, Mama," Kaloki akajibu kwa niaba yangu, mgongo ukiwa kwetu, sauti imejaa furaha. "Ndiyo niliyokuwa naosha."

"Ile nilitupa," Mama Kanchan akasema.

"Ilitupwa," Viraj akasema. "Basi. Imeisha?"

Wote wakanigeukia. Nilitakiwa kuitikia kwa kichwa tu. Sikutakiwa hata kufungua mdomo.

Ile kubwa ya chuma nilichemshia maji ya kumwogesha Mzee Muchiri. Ndiyo maana Kaloki aliikuta na maji. Supu ya mtu mmoja haihitaji chombo kikubwa, na kilichokuwa karibu na sinki Jumapili ile, kimesahauliwa na mwenyewe katika haraka ya kwenda hekaluni, kilikuwa kisufuria cha shaba.

Nilikiosha. Nilikirudisha chumbani mwake, mbele ya picha za miungu yake, kabla hajarudi. Tangu siku hiyo hakutia kinywani kitu cha moto ila kilichotoka humo.

Maziwa yalikuwa yamechemka. Mama Kanchan akainuka kwa kujishika ukutani, akakiepua kile kisufuria cha shaba kwa ncha ya sari, akamimina kikombe kimoja. Hakumpa Viraj, wala Kaloki. Akaniletea mimi, kwa mikono miwili, macho yake bado yana machozi.

"Kunywa, sista," akasema. "Hii ni safi."